Sura ya Tano: Mbona Waini Nyekundu Ina Ukakasi?

"Hivi hii watu wanaipendea nini?"

Swali hilo nimeulizwa kwenye harusi, kwenye kipaimara, kwenye sherehe za kuagana na mtumishi aliyehamishwa. Anayeuliza huwa amepewa glasi, amemeza funda moja, uso umejikunja, na sasa anatafuta meza ya kuitua glasi hiyo bila mwenyeji kumwona. Swali la pili hufuata papo hapo: "Na ile nzuri ni shilingi ngapi?" Kwamba ipo nzuri, hilo halina ubishi kwake. Anachoamini ni kwamba nzuri ni ghali, na kwa kuwa ni ghali, si yake.

Jioni moja ya Novemba, hapa Kashai mjini Bukoba, maswali yote mawili yaliulizwa kwenye sebule moja. Mvua ilikuwa imekatika saa kumi na moja na bati lilikuwa bado linadondosha matone. Tulikuwa wanane: mama mwenye nyumba, ambaye ni fundi cherehani, shemeji yake ambaye ni dereva wa lori, mwalimu mstaafu wa mtaa wetu, muuguzi kijana, wanandoa wawili wanaouza vifaa vya shule, jirani yetu Mwislamu aliyekuja kwa ajili ya mazungumzo na senene, na mimi. Mezani palikuwa na chupa tatu za waini nyekundu tulizozinunua kwa kuchanga.

Shemeji alionja wa kwanza, akaiweka glasi chini. "Hii imeharibika. Imenikausha mdomo wote."

Haikuwa imeharibika. Sura hii inaeleza kwa nini, na inakuonyesha namna ya kukaa na marafiki mkaonja waini za bei nafuu mkazifurahia. Jambo ninalotaka ulishike tangu sasa ni hili: mtu aliyekulia kwenye ndizi, kahawa na chai ya rangi ana ulimi uliokwisha kusoma. Kilichobaki ni kuupa muda na watu wa kuzungumza nao.

Ulimi wako umeshasoma

Kumbuka ulipokuwa mtoto ukamega ndizi ambayo haijaiva. Mdomo ulikauka, ulimi ukawa kama umepakwa vumbi, mashavu yakajivuta ndani. Huo ndio ukakasi. Utaupata pia kwenye pera bichi, na kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni majani yakiwa bado ndani ya birika.

Kinacholeta ukakasi ni tanini. Tanini ni kitu ambacho mimea mingi hukitengeneza na kukiweka kwenye maganda, mbegu, majani na matunda machanga, na hicho humfanya mdudu au mnyama asilifurahie tunda kabla ya wakati wake. Ikiingia mdomoni hushikana na ute wa mate, yale mate yanayoulainisha ulimi. Ute ukishikwa, ulimi hukosa utelezi, na wewe unasema mdomo umekauka.

Zabibu nayo ina tanini kwenye ganda na mbegu. Juisi ya ndani ya zabibu nyingi nyekundu haina rangi ya kutajika. Rangi iko kwenye ganda. Kwa hiyo anayetaka waini nyekundu hana budi kuyaacha maganda yaloweke ndani ya juisi kwa siku kadhaa. Rangi inatoka, na tanini inatoka pamoja nayo. Waini nyeupe hukamuliwa na maganda yakaondolewa mapema, ndiyo maana haikaushi mdomo kwa kiasi hicho.

Nilipoeleza hivyo, mwalimu mstaafu alichukua glasi yake tena. Alinusa, akanywa kidogo, akakaa kimya. Kisha akasema, "Waitu, hii ni ndizi ya pombe. Baba alikuwa na migomba yake nyuma ya nyumba. Ukiila ile ndizi mbichi, mdomo unakuwa hivi hivi."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Mkulima wa Kagera anatofautisha ndizi za kupika, za kuiva na za pombe, na zile za pombe hupikwa kwa nadra kwa sababu zina tanini nyingi. Mwalimu hakuwa amesoma kitabu chochote cha waini. Alikuwa na kumbukumbu ya mdomo wake, na ikatosha.

Kwa ufupi: ukakasi si dalili ya kuharibika. Ni alama ya ganda la zabibu, na ulimi wako unaujua tangu utotoni.

Majina matatu, milango mitatu

Kiswahili kina majina matatu ya kinywaji hiki, na kila jina liliingia kwa mlango wake. Mvinyo ni neno la Wareno, waliofika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 15. Zamani lilitumika hata kwa pombe kali. Waini imetoka kwenye Kiingereza, na ndiyo inayosikika dukani leo. Divai imetoka kwenye Kifaransa, na makao yake ni kanisani.

Hapa Kagera mlango wa divai ndio tunaoujua zaidi. Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Mfaransa Charles Lavigerie, walifungua misheni ya Kashozi, kaskazini ya Bukoba, mwaka 1892. Penye misa hapakosi divai. Kwa hiyo yaelekea Wahaya wengi waliiona kwanza mikononi mwa padri kabla ya kuiona kwenye rafu ya duka la mjini. Huenda ndiyo maana hadi leo wengi wetu huishika glasi ya waini kwa woga kidogo, kana kwamba ni kitu cha wakubwa au cha altareni. Heshima ni jambo jema. Woga hauhitajiki.

Zabibu za Dodoma na mvua ya Bukoba

Muuguzi aliuliza, "Kama sisi ni wakulima kiasi hiki, mbona hatulimi zabibu hapa?"

Jibu linashangaza. Bukoba iko ufukweni mwa Ziwa Victoria, na uso wa ziwa uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Dodoma nao uko kwenye mita 1,100 na ushei. Kwa mwinuko, miji hii miwili ni kama pacha. Inatofautiana kwa mvua. Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma hupata chini ya 600. Mvua inayoustawisha mgomba na mbuni ndiyo inayouumiza mzabibu: majani yakishinda mabichi, ukungu hushika, na zabibu huoza kwenye kichala kabla hazijakusanya sukari. Jua la Dodoma na ukame wake, ambao mkulima wa mahindi anaulalamikia, kwa mzabibu ni neema.

Mizabibu ilipelekwa Dodoma na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia, na katika miaka ya 1950 ilikuwa ikilimwa katika misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji. Kutoka hapo ikasambaa kwa wakulima. Leo aina nyekundu inayojulikana sana huko huitwa Makutupora, jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu. Huko Hombolo, kampuni ya CETAWICO imelima pia aina zenye asili ya Italia, na viwanda vingine kama Alko Vintages vinakamua zabibu za Dodoma na kuzijaza kwenye chupa zinazotufikia hadi huku.

Kuna jambo moja la Dodoma ambalo nchi nyingi za waini hazina. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, hupukutisha majani, na huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima akipogoa, mti huamka, na baada ya miezi minne hivi zabibu zinaiva. Kwa hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa 3 au wa 4 na tena mwezi wa 8 au wa 9. Mkasi wa mkulima ndio unaoupangia mzabibu majira yake.

Lubisi na waini ni ndugu

Mama mwenye nyumba alikuwa anasikiliza huku akichambua senene kwenye ungo. "Sasa hiyo zabibu," alisema, "inageukaje kuwa pombe? Wanatia mtama?"

Swali zuri, kwa sababu anayeijua lubisi, pombe yetu ya ndizi, anaelewa waini kwa dakika mbili. Ndizi za pombe huivishwa kwa siku kadhaa. Tanini inapungua makali, wanga unageuka sukari. Kisha zinamenywa, zinawekwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, na wanaume wanazikanyaga kwa miguu hadi maji matamu yatoke. Maji yale yanachujwa, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa kwa majani ya mgomba. Kesho yake kinywaji kimeumuka.

Kinachofanya kazi usiku ule ni hamira, vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi na hewa ile inayofanya mapovu. Kwenye zabibu kazi ni hiyo hiyo. Zabibu hupondwa, hamira ikala sukari. Mtama hauhitajiki, kwa sababu zabibu ina sukari nyingi na uchachu wa kutosha. Tofauti kubwa ni muda. Lubisi ni ya kesho, na ikikaa siku chache inachacha mno. Waini huachwa iumuke kwa siku nyingi, ikatulizwa kwa miezi, na kilevi chake hupanda hadi asilimia 12 au 14 hivi, juu sana kuliko cha lubisi.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la neno linalowatatiza wengi dukani. Hamira ikimaliza karibu sukari yote, waini haina utamu; huitwa waini kavu, au drai kwa lugha ya dukani. Ikisimamishwa kabla ya kumaliza, au sukari ikiongezwa baadaye, ni waini tamu. Kwa hiyo kavu haimaanishi kali, wala haimaanishi bora. Maana yake ni kwamba sukari imeliwa.

Kwa ufupi: waini ni tunda, hamira na muda. Aliyekaa karibu na mtumbwi wa ndizi anaujua msingi wake.

Kununua bila kuumia

Bei ya chupa haibebi zabibu peke yake. Ndani yake mna chupa yenyewe, lebo, kizibo, usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Chupa ile ile ikihamia kwenye meza ya hoteli, bei inapanda bila ladha kubadilika. Waini nyingi za bei nafuu zimetengenezwa zinywewe zikiwa changa, ndani ya mwaka mmoja au miwili, na zikinywewa kwa wakati wake zina uchangamfu mzuri wa tunda. Anayeinunua na kuiweka kabatini miaka mitano akisubiri iwe bora anajipotezea.

Nami nimewahi kupoteza. Nilinunua chupa nzuri kwenye duka lililoipanga dirishani, palipopigwa na jua kila alasiri. Nilipoifungua ilinuka kama jemu iliyoungua, na rangi pembeni ilikuwa imegeuka kahawia. Waini haipendi jua wala joto. Fikiria safari ya chupa kutoka Dodoma: Singida, Kahama, Biharamulo, Muleba, ndipo Bukoba, ndani ya lori au buti la basi. Imeshavumilia vya kutosha njiani. Isiteseke tena dukani.

Ukienda kununua, angalia haya:

- Chupa ilipokaa. Chagua iliyo kivulini, ndani ya duka, na ikiwezekana duka linalouza haraka.
- Neno kavu au tamu kwenye lebo. Kama mnaanza, nunueni moja ya kila aina mlinganishe.
- Asilimia ya kilevi. Ikiwa 12 hadi 14, ni waini ya kawaida. Ikifika 16 au 18, mara nyingi imeongezwa kilevi. Inywewe kwa vipimo vidogo.
- Maneno yanayosema imetengenezwa kutokana na nini. Kuna vinywaji vyekundu vya sukari na ladha vinavyouzwa kwa jina la waini.
- Alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi ya TRA. Stempu za kielektroniki zilianza mwaka 2019, na unaweza kuzikagua kwa simu.
- Kizibo. Cha kuzungusha si dalili ya uduni. Kinaziba vizuri na hakihitaji kifaa cha kufungulia.

Sasa hesabu. Tuseme chupa moja ni shilingi 15,000. Chupa tatu ni 45,000. Mkiwa wanane, kila mmoja anachanga 5,625. Kwa mchango huo unaonja waini tatu, unakaa jioni nzima, na unajifunza kitu ambacho mtu aliyenunua chupa moja ya 45,000 akainywa peke yake hatakijua kamwe: tofauti. Ladha hujifunzwa kwa kulinganisha. Chupa moja mezani haina cha kulinganishwa nacho.

Jioni ya kuonja, hatua kwa hatua

Watu husema waini nyekundu inywewe kwa joto la chumba. Ushauri huo ulitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 16 au 18. Sebule ya Dar es Salaam ina 30. Bukoba tuna bahati, kwa sababu usiku wetu hushuka hadi nyuzi 17 hivi. Lakini chupa iliyoshinda ndani mchana inakuwa na joto kuliko inavyofaa, na waini yenye joto hunuka kilevi kuliko tunda. Mama mwenye nyumba aliziweka chupa zetu kwenye beseni la maji ya bomba nusu saa. Mwenye friji aziweke dakika 20 au 30, kisha azitoe.

Glasi yoyote inafaa, mradi haina harufu ya sabuni na mdomo wake haujatanuka kama bakuli. Kipimo chetu kilikuwa kikombe kidogo cha kahawa chungu, kama mililita 50. Chupa ya mililita 750 inatoa vikombe 15 vya namna hiyo, kwa hiyo hata wakionja wanane, zaidi ya theluthi inabaki kwa chakula.

Tulizifunga chupa kwa kurasa za gazeti na kuziandika 1, 2 na 3, ili lebo isitutangulie kusema. Kisha tukafuata utaratibu huu:

1. Tazama. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Je, rangi ni zambarau, nyekundu, au imeelekea kahawia? Zambarau huashiria waini changa. Kahawia kwenye waini changa ni dalili ya joto au hewa.
2. Zungusha kidogo, unuse. Harufu ndiyo nusu ya ladha, kama unavyojua ukiwa na mafua na chakula kikawa bure.
3. Onja kidogo, uizungushe mdomoni kabla ya kumeza. Utamu uko wapi? Uchachu je, ule unaotoa mate kama wa ukwaju? Ukakasi je? Kilevi kinachoma koo?
4. Sema neno moja lako mwenyewe. Usitafute la kitabuni.
5. Subiri. Hesabu muda ambao ladha inabaki baada ya kumeza. Waini hafifu hutoweka mara moja.

Hatua ya nne ndiyo roho ya jioni. Vitabu vya nje vitakuambia waini inanukia matunda ya msituni ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyaonja. Huna haja nayo. Namba 1, muuguzi alisema inanukia zambarau zilizoiva sana zikaanguka chini ya mti. Mke wa mwenye duka alisema ngozi mpya ya viatu. Namba 2, shemeji alisema jemu, tena akacheka kwa furaha kwa sababu alikuwa na hakika. Namba 3, mama mwenye nyumba alinusa mara tatu, akasema, "Moshi. Kama ndizi zilizoivishwa juu ya jiko." Wengine tulinusa tena, na sote tukaukuta moshi ambao dakika moja nyuma haukuwepo. Hiyo ndiyo faida ya kuonja na watu: pua ya mwenzako inakufungulia mlango uliokuwa umeupita.

Kisha tukapiga kura. Namba 1 ilipata kura tatu, namba 2 tatu, na namba 3 moja. Gazeti lilipoondolewa, ya kwanza ilikuwa Dodoma kavu, ya pili Dodoma tamu, ya tatu kavu kutoka Afrika Kusini. Hakuna aliyeshindwa. Shemeji anapenda tamu, na hilo si kosa la kurekebishwa. Sasa anajua anachokipenda ni nini na anaweza kukiomba dukani kwa jina.

Wazee wa lubisi wanakumbuka kwamba mwenye kibuyu huonja kwanza ndipo mgeni anywe, ili mgeni awe na amani. Kwenye hoteli nako mhudumu humimina kidogo kwa aliyeagiza, aonje kwanza kabla wengine hawajamiminiwa. Haulizwi kama ameipenda. Anaulizwa kama ni nzima. Ikinuka siki, au boksi lililolowa na kukaukia uvunguni, ina kasoro, na ni haki yako kuirudisha kwa upole.

Senene, nyama na siri ya maziwa

Kabla ya chakula nilimwomba mama mwenye nyumba chai ya rangi iliyokolea. Kila mmoja alionja kijiko: ukakasi mtupu. Kisha tukatia maziwa, tukaonja tena. Ukakasi ulikuwa umepungua. Tanini, badala ya kushika ute wa mate, ilishika protini ya maziwa. Protini ni ile sehemu ya chakula inayojenga mwili, nayo iko kwa wingi kwenye maziwa, nyama, mayai na senene.

Zikaja ndizi kwa nyama ya ng'ombe, rojo zito, na sahani ya senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi. Nilimwomba shemeji arudie ile namba 1 iliyomkausha mdomo, ila safari hii atafune nyama kwanza. Alitafuna, akanywa. Akatazama glasi, akanywa tena.

"Imekuwa laini," alisema. "Mmeibadilisha?"

Hatukuibadilisha. Nyama ilikuwa imeipa tanini kazi nyingine ya kufanya, na chumvi ya senene ikapunguza uchungu. Watu wengi walioichukia waini nyekundu walipewa iliyo kavu, yenye joto, tumboni hamna kitu, kwenye ukumbi wakisubiri hotuba ziishe. Wangepewa kipande cha nyama, wangesimulia hadithi nyingine.

Kwa ufupi, kwa jiko la Kagera:

- Nyama, maharage mazito na senene vinakwenda na waini kavu yenye ukakasi.
- Dagaa na samaki wenye mafuta mengi hugombana nayo. Mdomo hubaki na ladha ya chuma. Sato wa kuchoma anastahimili waini nyepesi iliyopozwa zaidi.
- Pilipili kali hukuza moto wa kilevi. Kama mchuzi unawaka, chukua waini tamu yenye kilevi kidogo.

Asiyekunywa naye ni mwonjaji

Jirani yetu Mwislamu hakugusa waini, na hakuna aliyemsukuma. Mbele yake palikuwa na rozela iliyochemshwa bila sukari nyingi, nyekundu kama waini, yenye uchachu wa wazi, pamoja na kahawa. Aliitazama, akainusa, akatoa neno lake kama wengine, na mazungumzo yake kuhusu kahawa ya shambani kwao yalikuwa na maelezo ya harufu kutuzidi sote. Meza ya kuonja ni meza ya kuzingatia. Mjamzito, anayetumia dawa, aliyeacha pombe, na aliyekatazwa na imani yake, wote wana kiti.

Kuhusu kiasi: chupa tatu kwa watu saba wanaokunywa ni glasi mbili na kidogo kwa kila mmoja, na hiyo ni jioni nzima yenye chakula na maji ya kutosha mezani. Shemeji hakuwa na safari hadi Jumatatu, na aliyekuwa na pikipiki aliiacha uani akaenda kwa miguu. Waini ya kuonja inataka akili iwe macho. Ukishalewa huwezi kutofautisha namba 1 na namba 3, na hapo umeshatupa mchango wako.

Ya kukumbuka katika sura hii

- Ukakasi ni tanini, ile ile ya ndizi mbichi na chai iliyokolea.
- Kavu maana yake sukari imeliwa na hamira. Tamu maana yake imebaki au imeongezwa.
- Waini nafuu inywewe changa, ikiwa imetunzwa kivulini na kupozwa kidogo.
- Changeni, nunueni aina mbili au tatu, mlinganishe bila kuona lebo.
- Kula kitu pamoja nayo. Nyama na chumvi hulainisha.
- Tumia maneno ya nyumbani kwenu.

Siku ya pili

Hatukumaliza. Nusu ya namba 1 ilibaki, mama mwenye nyumba akaifunga kizibo na kuiweka kwenye friji, ambako waini nyekundu hustahimili siku tatu au nne. Hewa iliyoingia chupani huanza kwa kuilainisha tanini na kufungua harufu. Ikizidi, huigeuza kuelekea siki. Kati ya hapo kuna siku moja au mbili ambazo waini kavu ya bei ndogo huwa tamu kuliko ilivyokuwa ilipofunguliwa, ijapokuwa haina sukari.

Sikumwambia mama mwenye nyumba hayo. Jumapili jioni simu yangu ililia. Alikuwa amerudi kutoka kanisani, amekula, amemimina kikombe kimoja cha ile waini iliyobaki.

"Njoo uonje," alisema. "Ile ya jana imeiva. Ule ubichi umetoka. Shemeji ameshaketi hapa, anasubiri ya kwake."

Alitumia neno la ndizi, na hakuna neno lingine ambalo lingeeleza vizuri zaidi.